Saratani ya Umio katika Kanda ya Ziwa: Maradhi Mawili ndani ya Bomba Moja

Umio ni bomba la misuli linalopokea chakula kooni na kukifikisha tumboni. Kwa mtu mzima bomba hilo lina urefu upatao sentimeta 25. Katika masomo ya baiolojia ya sekondari umio hutajwa kwa ufupi, kwa kuwa hakuna umeng'enyaji mkubwa unaofanyika humo. Walimu wengi huupita haraka ili wafike kwenye tumbo na utumbo mwembamba, ambako kuna asidi, vimeng'enya na mambo ya kutahiniwa. Hata hivyo, bomba hilo linalopuuzwa lina maradhi makali sana. Kwa makadirio ya mwaka 2022, watu wapatao 511,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya umio katika mwaka huo mmoja, na wapatao 445,000 walikufa kwa ugonjwa huo huo. Msomaji akiziweka idadi hizo mbili bega kwa bega ataona kwamba wanaougua na wanaokufa wanakaribia kulingana, jambo ambalo si la kawaida hata miongoni mwa saratani.

Ugonjwa huu haukusambaa sawasawa juu ya ramani. Upande wa mashariki wa Afrika kuna ukanda mrefu, unaoanzia Ethiopia na kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika ya Kusini, ambamo saratani ya umio huonekana mara nyingi kuliko katika Afrika Magharibi. Mkoa wa Mara, pamoja na Musoma, Bunda na Butiama, umo ndani ya ukanda huo, na mpaka wake wa kaskazini unapakana na magharibi ya Kenya, mahali palipotajwa na watafiti tangu miaka ya 1960 kuwa na wagonjwa wengi wa aina hii.

Mwalimu au mwanafunzi akitafuta habari za ugonjwa huu katika vitabu vya Ulaya na Marekani atakuta kurasa nyingi zinazozungumzia kiungulia, unene wa mwili na asidi ya tumbo. Kurasa hizo ni za kweli, lakini zinahusu ugonjwa mwingine. Jina la kiungo ni moja, ilhali maradhi ni mawili, na chanzo cha kimoja si chanzo cha kingine.

Kuta mbili zinapokutana

Ili tofauti hiyo ieleweke yafaa kutazama utando wa ndani wa bomba lenyewe. Umio umefunikwa ndani kwa tabaka nyingi za seli bapa, zilizolaliana mithili ya nyasi za paa. Seli mpya huzaliwa katika tabaka la chini kabisa, husukumwa juu polepole, na zikifika juu huchakaa na kumezwa pamoja na chakula. Mpango huo unafaa sana kwa kazi ya umio, kwani mfupa wa sato au punje ya ugali iliyokauka ikikwaruza, hukwaruza seli ambazo muda wao ulikuwa umekwisha.

Tumbo halina paa la namna hiyo. Utando wake ni tabaka moja tu la seli ndefu za tezi, ambazo hutoa ute mzito wa kujikinga na asidi. Asidi hiyo si ya mchezo, kwani pH yake huweza kushuka hadi karibu na 1.5. Seli za tumbo zimeumbwa kuishi nayo, bali seli bapa za umio hazikuumbwa hivyo. Mahali kuta hizi mbili zinapokutana, karibu na kiwambo cha moyo, kuna mstari wa kuvunjikavunjika unaoonekana wazi kwa macho. Juu ya mstari rangi ni ya waridi iliyopauka. Chini yake ni nyekundu.

Saratani ikianza katika seli bapa huitwa saratani ya seli bapa. Ikianza katika seli za aina ya tezi huitwa adenokasinoma. Duniani kote, kwa makadirio ya mwaka 2020, takriban wagonjwa 85 katika kila 100 wa saratani ya umio walikuwa na ile ya kwanza, na 14 hivi walikuwa na ile ya pili. Ya pili ndiyo iliyojaza vitabu, kwa sababu ndiyo inayoongezeka katika nchi zenye kuandika vitabu.

Njia ya asidi: kutoka kiungulia hadi adenokasinoma

Seli za tezi zinafikaje katika umio, ikiwa umio umefunikwa kwa seli bapa? Swali hili liliwasumbua wataalamu kwa muda. Mwaka 1950 Norman Barrett, daktari mpasuaji wa London, alieleza habari za wagonjwa ambao sehemu ya chini ya bomba lao la chakula ilikuwa na utando wa seli za tezi. Alifikiri kwamba alilokuwa akiliona si umio, bali ni sehemu ya tumbo iliyovutwa juu hadi kifuani. Mwaka 1953 Allison na Johnstone walionyesha kwamba bomba lile lilikuwa umio kweli, isipokuwa ulikuwa umebadili utando wake. Barrett aliyapima maelezo yao, na mwaka 1957 akakubali kwamba wao ndio waliokuwa na haki. Hali hiyo hadi leo inaitwa kwa jina lake, umio wa Barrett, ingawa maelezo yanayotumika si yale aliyoanza nayo.

Maelezo yenyewe ni haya. Asidi ya tumbo, pamoja na nyongo, ikirudi juu mara kwa mara kwa miaka mingi, huunguza seli bapa za sehemu ya chini. Mwili hujaribu kutengeneza kidonda kile, na badala ya kurudisha seli bapa huotesha seli za tezi zinazofanana na zile za utumbo, ambazo huivumilia asidi vizuri zaidi. Badiliko hilo la utando wa aina moja kuwa utando wa aina nyingine huitwa metaplasia. Yafaa wanafunzi waelewe kwamba metaplasia si saratani; ni aina ya kujihami. Hatari yake ni kwamba utando uliobadilika unaweza, baada ya muda, kuanza kupoteza mpangilio wake. Seli hukua bila utaratibu, viini vyake huwa vikubwa na vyeusi, na tabaka huchanganyikana. Hatua hiyo huitwa disiplasia, na kutoka hapo njia ya kwenda kwenye adenokasinoma ni fupi zaidi.

Vipimo viwili vyaonyesha ukubwa wa hatari hiyo. Uchunguzi wa Sweden uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watu wenye dalili za mara kwa mara za kurudi kwa asidi walikuwa na uwezekano wa kupata adenokasinoma ya umio unaokaribia mara 8 ya ule wa wasio na dalili hizo. Idadi hiyo inatisha. Lakini uchunguzi wa Denmark wa mwaka 2011, uliofuatilia zaidi ya watu 11,000 wenye umio wa Barrett, ulikuta kwamba waliopata adenokasinoma walikuwa kama 0.12 tu katika kila 100 kwa mwaka, yaani mtu mmoja hivi katika kila 800. Idadi zote mbili ni sahihi, wala hazipingani. Kitu kidogo sana kikizidishwa mara 8 kinaweza kubaki kidogo. Mwalimu wa hisabati anayetafuta mfano wa tofauti kati ya hatari linganishi na hatari halisi hana haja ya kutafuta mbali zaidi.

Nchini Marekani adenokasinoma ya umio iliongezeka kiasi cha mara sita kati ya mwaka 1975 na 2001. Unene wa mwili, hasa wa tumbo, hulisukuma tumbo la chakula na kurudisha asidi juu, na unene umezidi katika nchi hizo. Aidha, bakteria aitwaye Helicobacter pylori, anayeishi tumboni na kusababisha vidonda, amepungua sana huko. Bakteria huyo ana madhara yake, lakini kwa baadhi ya watu hupunguza utoaji wa asidi, na mahali alipo kwa wingi adenokasinoma ya umio huwa chache. Katika Afrika Mashariki bakteria huyu angali mwenyeji wa matumbo mengi.

Wagonjwa wa Bugando na Muhimbili

Wakazi wa Mara wanaohitaji uchunguzi mkubwa huelekezwa Mwanza, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971. Mwaka 2013 madaktari wa Bugando na wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili walichapisha hesabu ya wagonjwa wao 328 wa saratani ya umio. Zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10 walikuwa na saratani ya seli bapa. Wanaume walikuwa zaidi ya mara mbili ya wanawake, nusu yao hawakuwa wamefikisha miaka 50, na walio wengi walifika ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa.

Habari hiyo ina maana ya moja kwa moja kwa mtu wa Bunda mwenye kiungulia. Kiungulia chake kinastahili tiba, kwani kinaudhi na kinaweza kuwa dalili ya vidonda vya tumbo. Lakini hakimwelekezi kwenye saratani inayowapata majirani zake. Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho cha hatari zaidi: mtu asiyepata kiungulia maishani mwake hana sababu ya kujiona salama. Vidonge vya kupunguza asidi vinavyouzwa madukani havigusi chanzo cha saratani ya seli bapa. Kuuchukua ushauri uliotungwa kwa ajili ya Stockholm au Boston na kuupeleka Butiama bila kuupima ni sawa na kupanda mbegu bila kuuliza udongo.

Hatua isiyo na maumivu

Saratani ya seli bapa nayo ina mtangulizi wake. Haipiti katika metaplasia. Utando unabaki kuwa wa seli bapa, ila seli za tabaka la chini huanza kuvuruga utaratibu wa kuzaliwa na kupanda. Mwanzoni vurugu hiyo hukaa chini. Ikiendelea hupanda hadi kujaza unene wote wa utando. Hiyo ndiyo disiplasia ya seli bapa. Katika wilaya ya Linxian nchini China, mahali penye ugonjwa huu kwa wingi, watafiti waliwafuatilia watu kwa miaka 13 na nusu. Kati ya waliokuwa na disiplasia hafifu, 24 katika kila 100 walipata saratani katika muda huo. Wa disiplasia ya kati 50, na wa disiplasia kali 74.

Disiplasia haiumi, haiwashi, wala haizuii chakula. Hata daktari akiingiza endoskopi, yaani mrija wenye taa na kamera, aghalabu haoni kitu, kwa sababu utando ulioharibika hufanana na utando mzima. Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo kila mwanafunzi wa kidato cha pili amelifanya kwa mikono yake.

Mwanafunzi anapotafuta wanga katika jani, hudondosha iodini, na palipo na wanga hugeuka rangi ya buluu nyeusi. Mnyama hahifadhi wanga. Huhifadhi glikojeni, ambayo ni mnyororo wa glukosi kama wanga, ila wenye matawi mengi zaidi. Glikojeni nayo huitikia iodini, kwa rangi ya kahawia. Seli bapa zilizo nzima, zilizokwisha komaa, zina glikojeni tele. Seli za disiplasia hazikomai ipasavyo na hutumia sukari yake haraka, kwa hiyo zina glikojeni kidogo au hazina kabisa. Daktari akinyunyiza myeyusho wa iodini ndani ya umio, utando mzima hugeuka kahawia, na doa la disiplasia hubaki jeupe au la manjano. Hapo ndipo anapokata kipande kidogo na kukipeleka kwenye hadubini.

Njia hiyo ilitumiwa katika Hospitali ya Tenwek, wilayani Bomet, Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Mara. Watafiti waliwaalika watu wazima 305 wa vijijini wasio na dalili yoyote ya ugonjwa wa umio. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba watu 44 kati yao, yaani 14.4 katika kila 100, walikuwa na disiplasia, na karibu 3 katika kila 100 walikuwa na ile kali. Watu hao walikuwa wakilima, wakikamua ng'ombe na kula ugali kama kawaida.

Watuhumiwa na ushahidi wao

Ni kitu gani kinachouharibu utando huo? Pombe na tumbaku zimethibitishwa katika nchi nyingi kuwa visababishi vya saratani ya seli bapa. Mwaka 1971 mtafiti Paula Cook aliuelekeza uchunguzi kwenye pombe zilizotengenezwa kwa mahindi, baada ya kuona kwamba ramani ya pombe hizo na ramani ya ugonjwa zinafanana katika sehemu nyingi za Afrika. Gongo, chang'aa na busaa vimechunguzwa tangu wakati huo, na wanywaji wake wa Kenya magharibi wameonekana kuwa katika hatari zaidi. Lakini pombe na tumbaku hazitoshi kueleza kila kitu, kwa kuwa katika ukanda huu wanaugua pia watu wasiokunywa wala kuvuta, wakiwamo wanawake wengi na vijana wa chini ya miaka 30. Meno yaliyooza na kinywa kisichosafishwa vimetajwa. Moshi wa mafiga katika jiko lisilo na dirisha umetajwa. Kadhalika madini ya floridi katika maji ya visima, ambayo hupaka meno rangi ya kahawia na ambayo hupatikana katika sehemu mbalimbali za kaskazini mwa Tanzania, Mara ikiwamo.

Mtuhumiwa aliyepimwa kwa uangalifu zaidi ni joto. Katika jimbo la Golestan, kaskazini mwa Iran, uchunguzi wa mwaka 2009 ulikuta kwamba wanywaji wa chai ya moto sana, ya nyuzi 70 za Selsiasi au zaidi, walikuwa na hatari ipatayo mara 8 ya wanywaji wa chai ya vuguvugu. Uchunguzi wa Eldoret, Kenya, uliochapishwa mwaka 2019, ulipata mara 3.7 kwa waliosema kwamba vinywaji vyao ni vya moto sana. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Ikumbukwe kwamba si chai wala kahawa iliyowekwa katika kundi hilo, bali ni joto lake.

Msomaji makini atauliza: mgonjwa akiulizwa kama alikuwa akinywa chai ya moto sana, je, hatajibu ndiyo kwa kuwa sasa anatafuta sababu ya ugonjwa wake? Hoja hiyo ni nzito. Njia moja ya kuikwepa ni kuacha kuuliza na kuanza kupima. Mkoani Kilimanjaro watafiti waliwapelekea watu wazima kipimajoto, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015. Katika vikombe 188 vilivyopimwa, wastani wa joto ambalo wanywaji walianza kunywa chai ulikuwa nyuzi 70.6. Wanywaji wa chai ya maziwa walikunywa chai yenye joto zaidi kuliko wengine kwa nyuzi 1.9, hasa kwa sababu chai ya rangi hupoa kwa kasi iliyo mara mbili ya ile ya maziwa. Kati ya wanywaji wa chai ya maziwa, 70 katika kila 100 walikiri kwamba waliwahi kuungua ulimi. Kwa chai ya rangi walikuwa 39.

Joto lenyewe linafanyaje kazi? Mwaka 2021 kilichapishwa kazi kubwa iliyosoma jeni zote za saratani za seli bapa 552 kutoka nchi nane, zikiwamo Tanzania, Kenya na Malawi. Kila kisababishi kinachogusa DNA moja kwa moja, kama moshi wa tumbaku au mwanga wa jua, huacha alama yake maalumu katika mpangilio wa herufi za DNA. Wengi walitarajia kwamba saratani za nchi zenye ugonjwa kwa wingi zingekuwa na alama isiyopatikana kwingine. Haikuonekana. Alama za Kenya na Tanzania zilifanana kwa sehemu kubwa na zile za nchi zenye wagonjwa wachache. Yawezekana, basi, kwamba kisababishi kikuu cha ukanda huu hakibadili jeni chenyewe. Huenda kinaunguza utando, utando ukajirudishia seli kwa haraka, na katika haraka hiyo seli chache zilizokwisha kuharibika kwa sababu nyingine zikapata nafasi ya kuenea. Dhana hiyo inaafikiana na chai ya nyuzi 70, ingawa haijaithibitisha.

Mara imewahi kufundisha somo la namna hii. Kati ya mwaka 1977 na 1982, katika wilaya ya Mara Kaskazini, ambayo sasa ni Tarime na Rorya, watoto wa chini ya miaka 10 walipewa dawa ya klorokwini ili ionekane kama kupunguza malaria kungepunguza saratani ya taya inayoitwa limfoma ya Burkitt. Hospitali ya Shirati ilikuwa kiini cha kazi hiyo. Limfoma ilipungua. Lakini takwimu zilipokaguliwa ilionekana kwamba ilikuwa imeanza kupungua hata kabla dawa haijagawiwa, na kwa hiyo watafiti, kwa uaminifu unaostahili kusifiwa, walikataa kudai kwamba wamethibitisha. Anayetaka kujua thamani ya kundi la kulinganisha na ya takwimu za miaka ya kabla ya jaribio, hana mfano bora ulio karibu na nyumbani kuliko huo.

Mgonjwa anapofika

Umio ni mpana na hunyumbuka. Mtu mzima huanza kukwamwa na chakula kigumu pale tu njia inapokuwa imebaki na upana wa milimeta 13 hivi. Kwa sababu hiyo saratani huweza kukua kimya hadi kuzunguka sehemu kubwa ya bomba. Kisha mambo hufuatana kwa mpango unaojulikana katika familia nyingi: kwanza nyama na ugali mgumu hukwama, mgonjwa akateremshia kwa maji, baadaye ugali wenyewe unashindikana, anabaki na uji, halafu hata mate humshinda kumeza. Katika muda huo hukonda, na watu husema maneno mengi. Wengine humpeleka akakatwe kimeo. Kimeo hakihusiani na ugonjwa huu, na wiki zinazopotea kwa kukikata na kusubiri kidonda kipone hazirudi.

Kutoka Musoma hadi Mwanza ni safari ya zaidi ya kilomita 200 kwa barabara inayopita Bunda. Nauli, malazi ya msindikizaji na siku za kazi zinazopotea vyote huhesabiwa kabla mtu hajaondoka nyumbani, ndiyo maana wengi huondoka mwisho. Kwa aliyechelewa, madaktari huweza kuingiza mrija mdogo wa wavu wa chuma unaoipanua njia ili angalau apate kula. Hospitali ya Tenwek ina uzoefu mkubwa wa kazi hiyo. Kwa aliyekutwa katika hatua ya disiplasia, utando ulioharibika huweza kuondolewa kwa endoskopi bila kupasua kifua. Kati ya hao wawili tofauti si ya dawa, ni ya miaka.

Kwa kuwa endoskopi ni ghali na wataalamu wake ni wachache, watafiti wamejaribu njia nyepesi zaidi. Mgonjwa humeza kidonge kilichofungwa uzi. Gamba lake huyeyuka tumboni, sifongo iliyomo hufunguka, kisha huvutwa juu kwa uzi ikikwangua seli za umio njiani. Kidonge hicho kilibuniwa Cambridge, Uingereza, kwa ajili ya kutafuta umio wa Barrett. Katika Kilimanjaro kimejaribiwa kwa watu wa kijijini kwa lengo la saratani ya seli bapa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba watu huweza kukimeza na seli hupatikana. Kazi iliyobaki ni kupata kipimo cha maabara kitakachozitambua seli za disiplasia miongoni mwa maelfu ya seli nzima.

Jaribio la darasani

Shule za Musoma, Bunda na Butiama zinaweza kufanya jaribio lifuatalo kwa kipimajoto cha maabara, saa na vikombe viwili vinavyolingana. Kwanza maji yachemshwe na joto la kuchemka lipimwe. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Musoma maji yatachemka karibu na nyuzi 96, wala si 100. Bunda na Butiama, zilizoinuka zaidi, yatachemka chini kidogo ya hapo. Kipimajoto kinachosoma 100 pale Musoma kina kasoro, na kasoro hiyo ijulikane mapema.

Kisha kikombe kimoja kijazwe chai ya rangi na kingine chai ya maziwa, kwa ujazo ule ule, na joto lisomwe kila baada ya dakika 2. Kwa kanuni ya Newton, kasi ya kupoa hulingana na tofauti kati ya joto la chai na joto la chumba. Ichukuliwe kwamba chumba kina nyuzi 26 na chai imemiminwa ikiwa na nyuzi 90. Tofauti ni 64. Ikiwa tofauti hiyo hupungua kwa sehemu moja ya kumi kila dakika 2, joto la chai litakuwa 83.6, halafu 77.8, 72.7, 68.0 na 63.8. Yaani chai hiyo itashuka chini ya nyuzi 65 baada ya dakika zipatazo 9 na nusu. Kikombe kinachopoa kwa nusu ya kasi hiyo kitahitaji dakika 19 hivi. Wanafunzi wachore mikondo miwili kwenye karatasi ya grafu moja, wapige mstari wa usawa kwenye nyuzi 65, na kusoma muda pale mistari inapokatana.

Sehemu ya mwisho ni ya nyumbani. Kila mwanafunzi apime, kwa ridhaa ya wazee wake, joto la kikombe wakati mnywaji anapopiga funda la kwanza, bila kumwambia mapema ni joto gani linalotafutwa. Kipimajoto kisafishwe kwa maji ya moto kabla ya kila kikombe, na kile chenye zebaki kisitumike kabisa kwenye vinywaji vya watu. Vipimo viandikwe daftarini papo hapo, pamoja na saa, aina ya chombo, na kama chai ilikuwa na maziwa au la. Jedwali lisilo na mambo hayo matatu halitaweza kulinganishwa na la shule nyingine.